Hesabu ya Perere

Kila Desemba, mabasi yanapojaa na nauli ya kutoka Dar es Salaam hadi Moshi inapopanda bila aibu, ukoo wetu hukutana katika kihamba cha marehemu babu, upande wa Marangu, mahali ambapo migomba inakaribia kugusana na msitu wa Mlima Kilimanjaro. Desemba iliyopita kazi kubwa ilikuwa kukarabati nyumba ya zamani, na katika kuhamisha vyombo shangazi alifungua sanduku la bati lililokaa darini miaka mingi, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya kipande cha amerikani. Kilikuwa vazi la manyoya ya kahawia inayoelekea kijivu, laini kuliko blanketi lolote la dukani, lililoungwa kwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kilikuwa na kidoa cha nywele za rangi tofauti katikati ya mgongo. Nilikuwa nimehesabu vipande 22 shangazi aliposema kwa sauti ya chini, "Hizi ni ngozi za perere. Baba alikuwa akijifunika hili wakati wa baridi ya Julai."

Furaha ya kulipata haikudumu hata nusu saa. Mjomba, ambaye ni askari polisi mstaafu, alitukumbusha kwamba kile tulichokuwa tukikipitisha mkono kwa mkono huenda kikaitwa nyara ya Serikali, na kwamba kila mmoja wetu amesikia redioni habari za watu waliofungwa miaka 20 kwa kukutwa na nyara. Shangazi alinyanyuka kwenda kulitupa vazi katika moto wa jikoni. Kisha akasimama mlangoni, akanitazama mimi ninayefundisha baiolojia katika shule ya sekondari na kulea klabu ya Malihai ya wanafunzi, akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya: "Mwalimu, hebu tuambie ukweli. Baba alikuwa jangili?"

Sikuwa na jibu la haraka, na wala sikutaka kumpa jibu la kumpendeza. Kwa upande wa sheria mambo yako wazi kiasi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haiishii kwenye pembe za ndovu na ngozi za chui. Inahesabu kuwa nyara mnyama yeyote wa porini na sehemu yake yoyote, iwe ngozi, jino, kucha au manyoya, na anayekuwa nayo anatakiwa awe na kibali au hati ya umiliki. Kabla ya sheria hiyo ilikuwapo ile ya mwaka 1974, na kabla yake zilikuwapo za wakoloni, kwa hiyo hata babu katika ujana wake hakuishi katika nchi isiyo na masharti ya uwindaji. Lakini swali la shangazi halikuwa la kisheria. Alitaka kujua kama mzee aliyemlea kwa uadilifu alikuwa mharibifu, na swali hilo halijibiwi kwa kifungu cha sheria. Linajibiwa kwa hesabu: walikuwapo perere wangapi, walizaliwa wangapi kwa mwaka, na waliondolewa wangapi.

Kwa wasiomfahamu, perere ni mnyama mwenye ukubwa wa sungura mnene, jamaa wa pimbi wa mawe, anayeishi kwenye mashimo ya miti mikubwa, anayekula majani, na ambaye nasaba yake, ajabu ya maumbile, iko karibu zaidi na ndovu kuliko panya anayefanana naye. Wengi waliolala karibu na msitu hawajawahi kumwona ila wamemsikia, maana usiku hutoa mlio unaoanza kwa mkwaruzo na kupanda hatua kwa hatua mpaka unakuwa ukelele unaoweza kumfanya mgeni adhani kuna mtu anachinjwa. Wazee wa kwetu walimwinda kwa mbwa, kwa vitanzi vilivyotegwa kwenye matawi anayopitia, na kwa moshi wa kumtoa shimoni. Manyoya yake ni mazito kwa sababu baridi ya mlimani ni kali, na kwa sababu hiyo hiyo ngozi yake ilitafutwa, kwanza na wenyeji kwa mavazi ya heshima na ya baridi, kisha na wafanyabiashara wa enzi za ukoloni walioona kwamba kinachomfaa mzee wa Marangu kingeweza pia kuuzwa ng'ambo.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu kwa perere. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya miezi 7, muda usiolingana kabisa na udogo wake, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja au wawili. Ukiondoa perere 22 katika bonde moja, hujaondoa sungura 22 ambao watarudi baada ya mvua mbili. Tena perere haishi popote tu. Anahitaji mti mzee wenye shimo, na mti wa namna hiyo ukikatwa kwa mbao au kuchomwa ili kumfukuza mnyama, nyumba ya vizazi vyake vyote imekwisha. Vazi la babu peke yake pengine halikuumiza msitu. Lakini ngozi zikishakuwa bidhaa ya kusafirishwa, mwindaji hatafuti tena vazi moja la maisha yake yote. Anatafuta idadi ambayo mnunuzi wa mbali atataka, na mnunuzi huyo hajui perere huzaa mara ngapi, wala hana sababu ya kujua.

Mazungumzo yetu ya jioni ile yangeishia hapo kama si kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye anaishi Massachusetts kule Marekani na alikuwa amekuja likizo na familia yake. Alituambia kwamba nyuma ya nyumba anayopanga kuna kijito, na kwamba miaka michache iliyopita biva walijenga bwawa kwenye kijito hicho, maji yakapanda hadi yakaanza kuingia kwenye chumba cha chini ya nyumba na kutishia shimo la maji machafu. Biva ni mgugunaji mkubwa anayeishi majini, mwenye mkia bapa kama mwiko na meno yanayoangusha mti mzima. Mwenye nyumba hakuweza tu kutega mtego na kumuua. Ilibidi aende kwenye bodi ya afya ya mji kuomba kibali cha dharura, aeleze madhara, kisha amtafute mtegaji mwenye leseni. Mzee jirani aliyekuwa amekaa pembeni na kata yake ya mbege alicheka mpaka akakohoa. "Yaani bwana afya ndiye anayetoa ruhusa ya kumtega panya?"

Ndiyo, bwana afya, na sababu yake inafundisha zaidi ya kuchekesha. Mwaka 1996 wapiga kura wa Massachusetts waliamua kwa kura ya maoni kupiga marufuku mitego inayobana mguu na ile inayobana mwili, wakibakiza zaidi mitego ya kizimba, kwa sababu waliona mateso ya wanyama hayavumiliki. Ilikuwa hoja ya huruma na siidharau. Lakini kabla ya hapo wategaji wa manyoya walikuwa wakiondoa sehemu ya biva kila mwaka, na walipopungua, biva waliongezeka na malalamiko ya visima, barabara na mashimo ya maji machafu kufurikwa yakaongezeka pamoja nao. Mwaka 2000 bunge la jimbo lilibadilisha sheria ili bodi za afya ziweze kutoa vibali pale maji yanapohatarisha afya na usalama wa watu. Kaka alisema kwamba kwao hatimaye mtegaji hakuhitajika. Walipitisha bomba kubwa katikati ya bwawa, likashusha maji kwa kiwango kinachovumilika, na biva wakabaki. Njia hiyo hutumika mahali pengi, ingawa si kila kijito kinaikubali.

Baada ya likizo nilikaa na habari hiyo wiki kadhaa, nikasoma kila nilichoweza kukipata kuhusu uvunaji wa wanyama wa manyoya huko Amerika Kaskazini, na nikagundua kwamba historia ya biva ni hadithi ya perere iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya manyoya, ilipewa hati yake na mfalme wa Uingereza mwaka 1670, na kwa muda wa karibu karne mbili manyoya ya biva yalipelekwa Ulaya kutengenezwa kofia za wanaume. Kofia, si chakula wala blanketi la kumwokoa mtu na baridi. Makadirio ya idadi ya biva kabla ya biashara hiyo yanatofautiana sana, kuanzia milioni 60 hadi milioni 400, lakini hakuna anayebishania mwisho wake: ilipofika mwaka 1900 biva walikuwa wametoweka katika sehemu kubwa ya Marekani, na katika majimbo mengi ilibidi waletwe upya kutoka kwingine. Leo wanahesabiwa tena kwa mamilioni, na bado wanavunwa kwa leseni kila mwaka. Mnyama anawezaje kuvunwa na huku anaongezeka? Nimewauliza wanafunzi wangu swali hilo mara nyingi, na mara nyingi wananitazama kana kwamba nimewatega.

Mfano ulionivutia kuliko yote unatoka Rupert House, kituo cha biashara ya manyoya kwenye Ghuba ya James nchini Kanada, mahali ambapo leo panaitwa Waskaganish. Katika miaka ya 1920 bei ya manyoya ilikuwa juu, wategaji kutoka nje walimiminika katika maeneo ambayo familia za Wacree, wenyeji wa asili wa huko, zilikuwa zimegawana na kuyatunza kwa vizazi, na biva wakafagiwa. Mtegaji wa nje hakuwa na sababu ya kuacha jozi ya mbegu, kwa kuwa hakukusudia kurudi. Mcree naye alipoona kwamba asichokichukua leo kitachukuliwa kesho na mgeni, aliacha kujizuia. Hali hiyo tunaijua. Ndiyo inayotokea kwenye malisho ya pamoja, kwenye kuni za msitu wa kijiji, na hata kwenye mfongo wa maji pale zamu zisipoheshimiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 meneja wa kituo kile, James Watt, na mkewe Maud waliamua kuwaombea biva muda wa kupumua. Maud alisafiri hadi mji wa Quebec, akaishawishi serikali ya jimbo itenge eneo kubwa ambalo ndani yake biva hawatauawa. Walioufanya mpango huo ufanikiwe walikuwa Wacree wenyewe, kwa sababu ulijengwa juu ya mipaka yao ya kifamilia, na katika kila eneo alikuwapo mtu aliyekabidhiwa kuhesabu nyumba za biva zenye wakazi na kutoa taarifa. Karibu miaka 10 ilipita bila kuvuna. Walipoanza tena, kila eneo lilipewa kiwango kulingana na hesabu ya nyumba zake. Kazi hiyo ya kuhesabu ikawa cheo cha heshima miongoni mwa Wacree. Napenda sana jambo hilo, na nakiri kwamba ninaposimulia darasani huwa nakaa hapo muda mrefu kuliko mtaala unavyoniruhusu, kwa sababu linaonyesha kwamba mhesabu wa wanyama anaweza kuwa mtu mkubwa kijijini na si mgeni mwenye daftari anayeshuka kwenye gari.

Mfumo wa sasa umekwenda mbali zaidi. Msimu wa kutega kwa kawaida hufunguliwa baridi inapoanza na kufungwa kabla ya majira ya kuzaa, kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja: wakati huo manyoya yamekomaa, na watoto wa mwaka huo wameshaweza kujitegemea. Mtegaji hulipia leseni, na katika majimbo mengi anayeanza sharti apitie mafunzo, ambamo hufundishwa kutambua nyayo, kuchagua mtego unaomfaa mnyama anayekusudiwa na kumkwepa asiyekusudiwa, hasa mbwa wa jirani, na kukagua mitego yake ndani ya muda uliowekwa na jimbo, ambao mahali pengi ni saa 24. Ngozi za wanyama wanaofuatiliwa kwa karibu, kama fisi-maji na linksi (aina ya pakamwitu), hupelekwa kwa maofisa kupigwa lakiri kabla hazijauzwa. Wakati mwingine mtegaji hutakiwa kuleta pia fuvu au jino, ambalo hukatwa na kutazamwa kwa darubini, kwa kuwa mzizi wa jino hujenga tabaka kila mwaka kama shina la mti. Kutokana na meno hayo wataalamu hujua kama waliovunwa wengi ni vijana au wazee, na kama kiwango cha mwaka ujao kipunguzwe.

Fisi-maji wa Missouri ni mfano mzuri wa jinsi jambo hili lilivyo na pande nyingi. Walikuwa karibu kwisha katika jimbo hilo, na kuanzia mwaka 1982 serikali ilileta zaidi ya fisi-maji 800 katika muda wa miaka 10 hivi, wengi wao wakiwa wamenaswa hai huko Louisiana kwa mitego ile ile ya kubana mguu inayolaaniwa na wengi. Walifanikiwa kupita matarajio. Mwaka 1996 msimu wa kuwavuna ulifunguliwa, wapenzi wa wanyama wakaenda mahakamani kupinga, na wakati huo huo wenye mabwawa ya samaki walikuwa wakilalamika kwamba wanaliwa mtaji.

Nisieleweke kwamba nawapigia debe wategaji. Mtego unaobana mguu ni mtego unaobana mguu, hata ukiwa na leseni. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya iliamua kuupiga marufuku ndani ya mipaka yake na kuweka masharti kwa manyoya yanayoingizwa kutoka nje, na mwaka 1997 Ulaya, Kanada na Urusi zilikubaliana viwango vya mitego vinavyopimwa kwa majaribio. Mtego wa kuua, kwa wanyama wengi waliotajwa katika makubaliano hayo, hukubalika iwapo unamfanya mnyama apoteze fahamu ndani ya sekunde 300. Huwa nawaambia wanafunzi wafumbe macho, wakae kimya, nami natazama saa. Sekunde 300 ni dakika 5. Ikifika ya pili wameanza kusogezasogeza viti. Nadhani elimu inayowaonyesha watu lakiri, leseni na takwimu lakini inaficha dakika hizo ni tangazo la biashara, kama vile elimu inayoonyesha mnyama aliyenaswa peke yake, bila kueleza msimu wala hesabu, ilivyo harambee ya kuchangisha fedha.

Sasa nirudi kwetu. Klabu za Malihai zilianza nchini mwaka 1980, na kizazi changu kimekua kikiimba nyimbo za kuwatunza wanyama na kuchora twiga kwenye kuta za madarasa. Arusha, ambako mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alitoa tamko la kuahidi kwamba wanyamapori wa nchi hii watatunzwa, ndiko yaliko makao makuu ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, na ya taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI. Huku Moshi tuna chuo cha Mweka, kinachofundisha wahifadhi wa Afrika tangu mwaka 1963. Ungetarajia kwamba watoto waliozaliwa kati ya taasisi hizi wajue jinsi uhifadhi unavyoendeshwa. Wanachojua wengi ni kwamba kumuua mnyama ni kosa. Nilipowauliza wanachama wa klabu yangu kama uwindaji ni halali Tanzania, wote isipokuwa mmoja walijibu hapana, na huyo mmoja ni mtoto wa dereva wa kampuni ya uwindaji huko Longido.

Ukweli ni kwamba Tanzania iliwahi kufunga uwindaji wote kuanzia mwaka 1973 hadi 1978, ikaufungua tena, na hadi leo kuna vitalu vya uwindaji wa kitalii, leseni za uwindaji wa wenyeji, misimu, ada na viwango kwa kila aina ya mnyama. Tangu mwaka 2010 simba dume anayeruhusiwa kuwindwa anatakiwa awe amefikisha umri wa miaka 6. Sharti hilo lina hesabu nyuma yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Nature, uliotumia takwimu za simba wa Tanzania, ulionyesha kwamba dume kijana akiuawa, madume wengine huja kulitwaa kundi na kuwaua watoto wake, hivyo risasi moja huondoa simba wengi, ilhali dume aliyekwisha kulea kizazi chake akiondolewa, kundi halitikisiki kwa kiasi hicho. Utafiti huo ulieleza pia kwamba umri unaweza kukadiriwa kwa pua ya simba, ambayo huwa nyeusi zaidi kadiri anavyozeeka. Nilipowaeleza wanafunzi habari ya pua, darasa zima liliamka. Miaka yote niliyowafundisha "tuwatunze wanyama wetu" sikuwahi kupata macho yaliyofunguka namna ile.

Hapa nina manung'uniko kidogo. Miaka michache iliyopita shirika moja lilikuja kijijini kutoa elimu ya uhifadhi. Tuligawiwa fulana na kofia, tukaonyeshwa picha za pundamilia aliyenaswa kwenye waya, tukaambiwa atakayekamatwa atafungwa, na tukapigwa picha. Mzee mmoja aliuliza kwa adabu kwamba, ikiwa kuua mnyama ni vibaya, wale wageni wanaopita barabarani na pembe za nyati juu ya magari wamesamehewa na nani. Mtoa mada akasema swali hilo liko nje ya mada. Kwa kweli lilikuwa ndilo mada. Yule mzee hakuelezwa kiwango, wala kitalu, wala ada inayolipwa na mahali inapokwenda, wala tofauti kati ya mtego wa waya usiochagua mnyama na risasi iliyopangiwa dume mmoja mzee. Alirudi nyumbani akiwa na fulana mpya na imani yake ya zamani kwamba sheria ni kwa ajili ya maskini. Ningelikuwa yeye, nisingeamini tofauti.

Majimbo ya Marekani yana faida moja tusiyo nayo: mwindaji na mtegaji wanajua kwamba fedha zao ndizo zinazoendesha kazi. Tangu mwaka 1937 ipo sheria inayotoza kodi kwenye bunduki na risasi, asilimia 11 kwa bunduki ndefu, na fedha hizo hurudi kwenye idara za wanyamapori za majimbo kwa utafiti na urejeshaji wa makazi ya wanyama. Kwetu vijiji vilivyoungana katika jumuiya za hifadhi za wanyamapori, kama ile ya Enduimet upande wa magharibi wa Kilimanjaro, vinapata sehemu ya mapato ya utalii, na huko hali ya mazungumzo ni nyingine. Nimewahi kukaa na askari wa wanyamapori wa kijiji wa huko, akanisimulia njia za ndovu kama mtu anayesimulia mipaka ya shamba lake.

Je, basi, perere aruhusiwe kutegwa kwa leseni? Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivyo, na naona mpaka hapa msomaji naye angeuliza. Jibu langu ni hapana, na si kwa sababu ya huruma peke yake. Mahali anapoishi ni msitu ambao mwaka 2005 uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote. Hata pasingekuwa na mpaka huo, biva huzaa watoto 2 hadi 4 kwa mwaka baada ya mimba ya takriban miezi mitatu na nusu, na nyumba yake inaonekana mtoni ikihesabika mchana. Perere huzaa kidogo, hukomaa polepole, na amejificha ndani ya mti. Kiwango cha kuvuna kisicho na hesabu chini yake ni katazo lililogeuzwa ndani nje: vyote viwili humtaka mwananchi aamini tu.

Kuhusu vazi, shangazi hakulichoma. Mjomba alimpigia simu afisa wanyamapori wa wilaya, tukaeleza lilivyopatikana, naye akaja siku ya pili akiwa peke yake kwa pikipiki, si kwa vishindo tulivyoviogopa. Alilitandaza mezani, akahesabu, akaandika ngozi 23. Moja nilikuwa nimeiruka kwa sababu ilikunjwa kwenye ukosi. Akachukua maelezo ya shangazi, akaliondoa vazi kwa maandishi, na kabla ya kuondoka akamuuliza kama babu aliwahi kusema alikuwa akitegea wapi. Shangazi alitaja mabonde mawili. Katika moja, alisema, mlio wa perere haujasikika tangu yeye ni msichana.

Swali la shangazi nililijibu baada ya afisa kuondoka. Nilimwambia kwamba babu alikuwa mwindaji katika nyakati ambazo hakuna aliyemfundisha kuhesabu, na kwamba sijui neno moja linalotosha kwa mtu wa namna hiyo. Alinyamaza, kisha akaniagiza nimletee maji.

Muhula huu klabu yetu imeanza zoezi. Kila mwanafunzi anayeishi karibu na msitu hukaa nyumbani kwao, mlangoni, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, na kuandika dakika na upande ambako mlio wa perere umesikika. Kesho yake tunaweka karatasi zote juu ya ramani iliyochorwa ubaoni ili mnyama mmoja aliyesikiwa na watu watatu asihesabiwe mara tatu. Usiku wa kwanza mvua ilinyesha, tukapata karatasi tupu. Usiku wa tatu wasikilizaji 11 walileta milio 19, na baada ya kulinganisha dakika na pande tulibaki na perere 7, mmoja wao akiwa katika bonde ambalo shangazi alisema limenyamaza. Msichana wa kidato cha pili anayeishi jirani na bonde hilo bado anashikilia kwamba yule wa 7 ni bundi, na ameomba usiku mwingine wa kusikiliza.